Mahali Salama pa Kufunga Breki

Jumamosi asubuhi, Cheche alimaliza kufua sare yake ya shule, akaianika, akajiona huru. Kumbe wapi! Mama yake alikuwa mlangoni, kofia ngumu kichwani na glavu mikononi.

"Chukua ufagio, tunaondoka," alisema.

Mama alikuwa mkunga. Zahanati ilikuwa imempa pikipiki ya kuwafikia wajawazito wanaokaa mbali. Wiki hiyo, mtoto mmoja alimkatizia njia ghafla. Mama alikanyaga breki kwa pupa, pikipiki ikaserereka na kuvunja ua wa watu. Mtoto aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo, mama alikuwa na wimbo mmoja tu: lazima ajizoeze kusimama ghafla, tena mahali salama.

Lakini mahali salama penyewe pako wapi? Uwanja wa mpira ulijaa wachezaji. Kichochoro kilikuwa na kuku, ndoo na watoto wanaotambaa. Barabara mpya ilikuwa tupu, lakini mama alitikisa kichwa.

"Mama, hakuna gari hata moja!" Cheche alilalamika.

"Litakuja wakati mimi nahangaika na breki. Twende."

Walikwenda, mama akisukuma pikipiki, maana aliapa kutoiendesha barabarani kabla ya mazoezi, Cheche akiburuta miguu. Jua lilikuwa kali na koo limemkauka.

"Mwenda pole hajikwai," mama alisema.

"Wala hafiki," Cheche alinong'ona.

Hatimaye walifika kwenye ghala la mbao lililofungwa mwisho wa wiki. Ua wake ulikuwa mpana, umesakafiwa na kuzungushiwa ukuta. Mlinzi, mzee mcheshi, aliwafungulia geti.

"Karibuni, ila msije mkaniangushia ukuta. Kibarua changu ni kuulinda!"

Mama alimgeukia Cheche. "Mwanangu, tembea mpaka kule ukutani. Tazama kama kuna mchanga, mafuta au misumari."

Cheche alifika katikati, akatupa jicho mbele, akaona sakafu tu. Jamani, ukaguzi huu hauishi? Akageuka. "Pasafi!" alipaza sauti.

"Umefika mwisho?"

"Nimefika, mama!"

Mama aliwasha pikipiki, akaongeza mwendo, akapita katikati ya ua, akafunga breki. Gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala ubavu na mama akabingirika. Cheche alipiga yowe na kumkimbilia. Mama alikuwa ameketi, kiwiko kinavuja damu. Chini yake palitapakaa unga wa mbao, laini na wenye rangi ileile ya sakafu.

Mama alimtazama mlinzi kwa hasira. "Mzee wangu, mbona hukutuambia? Au umeumwaga sasa hivi?"

"Mimi? Sijatoka hapa getini, binti yangu!" mzee alijitetea, uso umemshuka.

Cheche alimsogelea mama yake. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa mzee.

"Mama, si yeye," alisema, machozi yakimlenga. "Ni mimi. Niliishia katikati. Nilikuwa nimechoka, nikakudanganya."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Ee Mungu wangu, mtoto huyu!" Kisha akamgeukia mlinzi. "Nisamehe, mzee wangu. Nimekurukia bure."

"Yamekwisha," alisema mlinzi, akaenda kuleta maji ya kuoshea kidonda.

Cheche aliufagia ua wote, kisha akautembea tena polepole mpaka ukutani, akiinama kutazama kila ufa. Ndipo akasimama pembeni, mbali na njia ya pikipiki. Mama alianza kwa mwendo mdogo, akibana breki ya mbele kidogo kidogo huku akikanyaga ya nyuma, macho mbele. Kila aliposimama vizuri, aliongeza mwendo kidogo. Mwishowe alisimama ghafla, pikipiki imenyooka kama mkuki. Mlinzi alipiga makofi.

Mama alivua kofia na kumwita Cheche.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Ungeniambia, 'Mama, nimechoka,' tungepumzika. Lakini uliposema pasafi, niliacha kutumia macho yangu, nikatumia yako. Mtu akikuamini hivyo, amekukabidhi mwili wake. Kazi usiyoimaliza, usiseme umeimaliza."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nisaidie kuisukuma pikipiki. Kiwiko kinaniuma, na njia ya nyumbani ni ndefu."