Sura Iliyochorwa na Leza

Katika picha, Mama Sidii alikuwa anacheka mpaka jino lake la pembeni linaonekana. Kwenye diski iliyotoka mashineni, mdomo ulikuwa umefungwa.

"Labda ni rangi," alisema mumewe, akiigeuzageuza diski chini ya taa. "Leza hii inatoa kijivu tu. Vitu vidogo vidogo vinapotea."

"Jino langu si kitu kidogo, bwana."

Wakacheka wote wawili. Kwa Mama Sidii, hicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa siku nyingi.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi, alikuwa mpiga video za harusi. Mke, aliyepata jina kwa hizo sidii, yaani diski, alikaa chumba cha nyuma cha duka, akikata na kuunga video, akichoma nakala, kisha akiandika majina ya maharusi juu ya kila diski kwa kalamu ya wino. Mwandiko wake ulisifiwa. Lakini wateja walianza kuuliza kwa nini diski zao hazina picha, ndipo muuza vifaa vya kompyuta akamletea Lenzi mashine ile. Inachoma video upande mmoja; ukiigeuza diski kifudifudi, leza ileile inachora sura upande wa pili.

"Kaa nayo wiki moja," muuzaji alisema. "Ikikufaa, unanilipa. Isipokufaa, rudisha. Mwenyewe wa kwanza aliacha tu kazi."

Walibishana, kama wanavyobishana watu wanaolala na kufanya kazi pamoja.

"Inachelewa," alisema mke. "Picha moja, chai inapoa. Diski zake ni za pekee na ni ghali. Halafu nasikia zikikaa juani zinafifia."

"Nani anaanika sidii juani kama shuka?"

Basi wakakubaliana waijaribu kwa mteja mmoja. Alikuwa bibi harusi aliyecheza siku yake mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea peku. Mama Sidii aliweka picha yake, akabonyeza, akasubiri. Mashine iliimba kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Aliigundua harufu hiyo, akajua kwamba angepaswa kuinuka na kuangalia nyaya. Hakuinuka. Kwenye diski, bibi harusi alitoka na uso uliotulia kama ukuta. Akaifunga diski kwenye bahasha, mwenyewe akaja kuichukua siku hiyohiyo.

Kesho yake mchana simu ililia wakiwa jikoni. Lenzi alisikia sauti ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ikilia kutoka upande wa pili: "Dada, mama ameanguka bafuni! Haamki! Dada, njoo!"

"Haya," alisema Mama Sidii. Akaweka simu mezani, akaendelea kukata vitunguu.

"Mke wangu," alinong'ona Lenzi. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mama ameanguka."

"Sasa?"

"Sasa nakata vitunguu."

Alimtazama machoni. Hakukuwa na hasira mle wala huzuni, hata macho hayakutoa chozi kwa vitunguu. Alimshika mkono na mkono ukabaki mkononi mwake, haukuvutwa wala haukumshika, kama glavu.

Lenzi alikwenda dukani bila kujua anatafuta nini. Alipofungua mlango wa chumba cha nyuma harufu ya nywele zilizoungua ilimpiga usoni, na mashine ilikuwa inaimba ingawa waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya meza, na alipoishika ile diski ya kwanza, ya sura ya mkewe, aliikuta ina joto kama paji la mtoto mwenye homa, na ule mdomo aliouona umefungwa sasa ulikuwa wazi, wazi mno, na macho ya kijivu yalikuwa yamekunjwa na mashavu yamelowa mistari, akaelewa kwa mwili kabla ya akili kwamba mkewe alikuwa analia, analia kwa sababu ya mama yake, ila alikuwa analilia mle.

Akampigia shangazi yake. Huyu shangazi alikuwa akitibu watu wenye mashetani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja na mkoba wake, akasimama mlangoni, akanusa.

"Yupo," alisema kwa sauti ya chini. "Mmeshamlipia?"

"Bado, shangazi. Tulikuwa tunajaribu."

"Afadhali. Mpaka sasa ni mgeni. Ukimlipia umemkaribisha, na alichokula ni chake." Akaitazama diski bila kuigusa. "Huyu hamwingii mtu. Anamtoa mtu. Michoro hii inafutwa na nini?"

Lenzi alitazama nje. "Jua."

"Basi anika."

Waliiweka diski uani, uso juu. Shangazi alikaa kando yake akisoma maneno yake polepole, mkono mmoja kifuani mwa Mama Sidii, aliyekaa kwenye kiti kama mzigo unaosubiri gari. Uso wa kijivu ulififia pembeni kwanza, kisha mashavu, kisha macho. Mdomo ndio uliochelewa. Ulipopotea, Mama Sidii alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Mama amelazwa wapi?" aliuliza, akiinuka kutafuta kanga yake.

Mama alikuwa hai, nyonga imevunjika. Lenzi alirudisha mashine akiwa ameifunga ndani ya gunia.

"Haikukufaa?" aliuliza muuzaji.

"Inachelewa," alijibu Lenzi.

Ikabaki diski ya bibi harusi. Mama Sidii mwenyewe alimfuata nyumbani kwake, akamweleza yote pale mlangoni, akinong'ona, kwa maana ndani mwanamume alikuwa anafoka. Kitu kikavunjika. Bibi harusi hakugeuza hata shingo.

"Nipe hiyo sidii, mdogo wangu. Nitakurudishia vyako."

"Vipi hivyo, dada?" Sauti yake ilikuwa ya upole, bapa. "Tangu nimeolewa nilikuwa nalia bafuni, maji nimefungulia ili asisikie. Sasa akirusha sahani naokota vipande. Sidii nimeificha kabatini, ndani ya nguo tatu. Jua halitaiona."

"Lakini hayo si maisha."

"Naam. Lakini hayaumi." Akaushika mlango. "Ile mashine iko wapi sasa?"

Mama Sidii alijibu kabla ya kufikiri. "Tumemrudishia muuza vifaa vya kompyuta."

Bibi harusi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mdogo wangu naye ameshatolewa mahari," alisema, akafunga mlango bila kishindo.

Mama Sidii alikwenda mbio, kanga mkononi, akapita watu bila salamu. Muuza vifaa alikuwa anafagia mbele ya duka lake. Alipoulizwa, alinyoosha fagio kwenye rafu tupu.

"Umechelewa kidogo tu. Dada mmoja mwenye sauti ya upole amepiga simu, kijana wake wa pikipiki amekuja kuichukua. Mteja safi kabisa yule. Hakupunguza hata bei, amelipa yote kwa simu."