Kaburi Lililozuia Dampo

Mimi si mtu wa kuamini vizuka. Ukiniambia jini limepita, nitakuuliza limevaa kiatu namba ngapi. Lakini haya ya mjomba wangu niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe.

Mjomba alikuwa fundi viatu, mgane asiye na mtoto, mbishi ajabu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani, jirani kabisa na dampo. Lilipotaka kupanuliwa, majirani walichukua fidia wakahama mmoja mmoja, na mbwa wao. Yeye akagoma. "Mke wangu alifia chumba hiki," alisema. "Mnipeleke wapi?"

Akaja mtaalamu wa mazingira, dada mpole mwenye buti za mpira, kutathmini athari za upanuzi ule. Alipima maji ya kisima, akauliza kuhusu harufu na kelele za malori. Mwisho akauliza, "Mzee, pana kaburi hapa?"

Mjomba alijua kaburi haliondolewi bila ridhaa ya ndugu. Akajibu, "Lipo. La mwanangu. Njoo kesho nikuonyeshe."

Uongo mtupu! Jioni ile alishika jembe, akarundika udongo nyuma ya nyumba, tuta fupi la mtoto, akalipangia mawe pembeni. Kesho yake yule dada akapaka jiwe moja alama ya rangi, akauliza mtoto aliitwa nani. Mjomba akataja jina ambalo yeye na mkewe walilichagua zamani, likakosa wa kuitwa. Dada akainamisha kichwa, akampa pole.

Tathmini ikatoka: uzio wa dampo upindishwe, nyumba na kaburi viachwe. Mjomba alinipigia simu akicheka mpaka akapaliwa. "Mjomba, wewe kiboko!" nikamwambia.

Miezi ikapita, simu zake zikakoma. Nikaenda kumwona, jua la mchana likiwaka. Taka zilikuwa zimeizunguka nyumba pande tatu. Mtaa mzima hapakuwa na sauti ya mtu, inzi tu. Mezani kwake palikuwa na sahani mbili.

"Unamngoja nani, mjomba?"

"Ssh." Aliinua kidole. "Taratibu. Ndiyo kwanza amelala."

"Nani?"

Akanong'ona lile jina.

Nikamwambia upweke huu utamtia wazimu, twende zetu kwangu. Akatikisa kichwa.

"Nilimwita mwenyewe, mpwa wangu. Mbele ya shahidi. Sasa nimwache na nani?"

Mlango wa nyuma ukagongwa.

Chini. Usawa wa goti.

Nikafungua. Hakuna mtu. Jua, taka, tuta.

Mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nilinyakua jembe nikaanza kulifumua lile tuta, mjomba akinivuta shati. "Acha! Utamwamsha!" Sikumsikiliza. Nikachimba. Nikachimba mpaka shimo likanifika kiunoni. Udongo mtupu.

"Umeona?" nikafoka. "Hayumo!"

Mjomba alilitazama shimo. Kisha akaanza kulia kama mtu aliyefiwa siku ile ile.

"Basi yuko wapi?"

Nilimpakia kwenye teksi, tukaondoka. Kaburi halipo, mwenye nyumba hayupo; watu wa dampo wakaunyoosha uzio, na chumba alimofia mkewe kikafukiwa kwa taka.

Kwangu alikaa vizuri. Alishona viatu vya mtaa mzima, akanenepa kidogo, lakini kucheka hakucheka tena. Mwaka jana alifariki usingizini, nikamlilia sana, maana hata mimi sikuwa na mwingine.

Waombolezaji walipotawanyika, nikaingia kupiga deki chumba chake. Ukutani, kando ya kitanda, chini kabisa, palikuwa na alama ya kiganja cha tope. Kidogo. Kilinuka dampo. Nikakisugua kikatoka.

Baada ya siku chache kilirudi, juu kidogo ya pale pa mwanzo. Nikasugua. Kikarudi, juu zaidi.

Sasa kimefika usawa wa kifua changu, na vidole vimerefuka. Mke sina, mtoto sina, na simu yangu inaweza kumaliza wiki bila kulia.

Siku hizi sikisugui tena.