Sikio Lililobaki

Nestori alikuwa fundi wa moto. Pale Magamba, nje kidogo ya Mpanda, hakuna mkulima aliyemshinda kukausha tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwenye bani, kile kibanda kirefu cha udongo chenye moto chini. Moto ukizidi kidogo tu, majani yanaungua na jasho la msimu linapotea. Nestori aliuchunga moto huo kama mama anavyochunga uji wa mtoto. Hasira zake mwenyewe, hizo hakuzichunga hata siku moja.

Mwaka 1995, mwezi wa tatu, alimwachia bani binti yake Vestina, mwenye miaka tisa. Yeye akaenda kukata kuni. Mtoto alikuwa ameamka tangu alfajiri. Ilipofika saa sita mchana usingizi ukamzidi, akalala palepale.

Nestori aliporudi alikuta moto unavuma na majani yamebabuka. Hakuuliza kitu. Alimnasa mtoto kofi moja upande wa kushoto. Vestina akaanguka, na damu ikamtoka sikioni.

"Baba Vestina! Umemuua mtoto!" mkewe Odeta alipiga kelele.

"Hajafa. Yeye ndiye ametuulia msimu," Nestori alijibu.

Waliona aibu kumpeleka zahanati, kwa sababu watu wangeuliza. Odeta akawa anamkamulia majani ya dawa sikioni, leo, kesho na keshokutwa. Sikio likaanza kutoa usaha. Miezi miwili ilipita ndipo wakaenda. Aibu ilikuwa ya wazazi, na maumivu akayabeba mtoto.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Marsela, mama mnene wa kabila la Wapimbwe, asiyejua kuzungusha maneno. Alimulika sikio kwa tochi. Kisha akasimama kushoto kwa Vestina, akamwita kwa sauti ndogo. Vestina hakugeuka. Akamwita tena. Wapi!

"Mama, toka na mtoto nje kidogo," Marsela alimwambia Odeta. Akamgeukia Nestori. "Nani alimpiga?"

"Mimi, sista. Hasira zilinishika. Nikishikwa na hasira sioni kitu."

"Huoni kitu? Yule mteuzi wa tumbaku, anayepanga madaraja sokoni, unamjua?"

"Namjua."

"Mwaka jana alikataa tumbaku yako mbele za watu. Kijiji kizima tulisikia. Ulikasirika?"

"Nusura nipasuke!"

"Ulimpiga?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Yule ni mkubwa. Ningefungwa."

"Kumbe unaona! Tena unaona vizuri sana. Hasira zako zinamchagua asiyeweza kukurudishia."

Nestori aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ngozi ya ndani ya sikio imepasuka," Marsela aliendelea. "Kofi linaweza kuipasua. Nyie mngemwahisha, pengine ingepona. Mkatia majani, pakaoza. Usaha tutautibu, lakini kusikia siwaahidi. Limebaki sikio moja, Baba Vestina. Ukiliharibu na hilo, mtoto huyu hatasikia akiitwa jina lake."

"Sasa nifanyeje, sista? Hata baba yangu alikuwa hivihivi."

"Kukasirika si kosa. Hata mimi nakasirika. Ila kabla mkono haujanyanyuka, mwili unakwambia. Wewe unakwambia wapi?"

Nestori alifikiri. "Taya linakaza. Mikono inapata joto."

"Hapohapo, usingoje. Weka chini ulichoshika. Waambie unaondoka na kwamba utarudi, wasibaki na hofu. Tembea. Vuta pumzi polepole. Usipite kilabuni, pombe itachochea hasira. Na njiani usianze kuhesabu makosa ya mwenzako. Mwili ukipoa, rudi useme kilichokuuma, bila tusi wala kofi. Ukiona unashindwa, njoo hapa kabla hujaumiza mtu."

Mwezi wa nane ulifika, wakati wa kuandaa kitalu. Mbegu za tumbaku ni ndogo kama vumbi. Mbegu za shamba zima huingia kwenye kichupa kimoja, na siku hiyo kichupa alikishika Vestina.

"Lete mbegu," Nestori alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya mtoto, upande wa kushoto. Vestina hakusikia.

"Nimesema lete mbegu!"

Mtoto alishtuka. Kichupa kikamponyoka, kikapiga jiwe, kikapasuka. Mbegu zikamwagika mchangani.

Taya la Nestori likakaza. Mikono ikapata joto, na jembe lilikuwa mkononi. Akamtazama mtoto wake.

Vestina hakukimbia wala hakulia. Alifunika sikio lake la kulia kwa mikono yote miwili. Alikuwa analificha lile lililobaki.

Nestori akaweka jembe chini. "Mama Vestina," alimwambia kwa shida mkewe aliyekuwa karibu, "naenda kisimani. Nitarudi."

Alikwenda. Njiani alilia, mtu mzima na ndevu zake. Alinawa uso, akavuta pumzi, akakaa hadi mikono ilipopoa. Kisha akarudi kama alivyosema.

"Tukwangue udongo pamoja na mbegu, tumwage kitaluni," alisema. Wakainama wote watatu. Mwaka ule miche iliyoota ilikuwa nusu tu, na shamba likawa dogo. Sikio la kushoto la Vestina halikupona kamwe. Lakini tangu siku ile, hakuna mtu aliyepigwa tena katika nyumba ile.

Siku ile ya mbegu, wakiwa bado wameinama, Nestori alisema, "Nisamehe, mwanangu."

Vestina aliendelea kukwangua. Nestori alidhani amemkatalia. Kisha akakumbuka yuko upande gani. Akainuka, akazunguka, akachuchumaa kulia kwa mtoto, akasema tena.