Siri ya Shimo la Tano

Nelima ana miaka saba. Anapenda matope, anapenda kulala, na anapenda viazi vitamu kupita vyote. Hesabu hataki hata kuzisikia.

Mvua za kwanza zimenyesha. Ni msimu wa kupanda mahindi. Baba anachimba mashimo kwa jembe. Kwa, kwa, kwa.

"Nelima, mstari huu ni wako," Baba akasema. "Mahindi yake utachoma mwenyewe."

Nelima akashtuka. Mstari mzima? Wake peke yake?

"Lakini kila msimu una fumbo lake," Baba akasema. "Mstari wako una mashimo kumi. Kila shimo linataka mbegu mbili. Nikupe mbegu ngapi?"

Nelima akahesabu vidole vya mikono. Vikaisha. Akahesabu vidole vya miguu. Navyo vikaisha.

"Ishirini," akasema. Alishangaa. Kumbe alikuwa na jibu miguuni siku zote.

Baba akamhesabia mbegu ishirini kwenye kikombe. Kisha akasonga mbele, akachimba, akampa mgongo.

Nelima akaanza kazi.

Shimo moja, mbegu mbili.
Funika, kanyaga, twende.

Shimo la pili, la tatu, la nne.

Shimo moja, mbegu mbili.
Funika, kanyaga, twende.

Mara pua yake ikanusa kitu. Mama alikuwa anaipua viazi vitamu jikoni.

Nelima akachungulia kikombe. Lo, mbegu kumi na mbili zimebaki. Akamtazama Baba. Baba hakugeuka.

Basi unajua alifanya nini? Akazimwaga zote kwenye shimo la tano. Chwaaa. Mashimo mengine akayafunika matupu.

"Wewe udongo," akanong'ona, "usimwambie Baba."

Udongo ukanyamaza. Nelima akakimbilia viazi.

Mvua ikanyesha. Pa, pa, pa. Siku moja, siku mbili, mpaka siku saba.

Asubuhi ya siku ya nane, Baba akasema, "Twende tukaone mstari wako."

Nelima akamfuata nyuma, hatua ndogo ndogo.

Shimo la kwanza, miche miwili. La pili, miwili. La tatu, miwili. La nne, miwili.

Shimo la tano... Nelima akashika kichwa. Miche kumi na miwili! Imesimama pamoja, imebanana, kijani kibichi.

Shimo la sita, hakuna kitu. La saba, hakuna. La nane, la tisa na la kumi, hakuna, hakuna, hakuna.

Udongo ulikuwa umesema kila kitu.

Baba akachuchumaa. Akatazama shimo la tano kwa muda mrefu. "Miaka yote nimelima," akasema, "sijaona shimo lenye ndevu."

Nelima hakucheka. "Nilizimwaga, Baba. Nilitaka viazi."

"Ikibanana hivi, hautazaa hata mmoja," Baba akasema polepole.

Machozi yakamtoka Nelima. Mahindi yake. Mstari wake.

"Udongo bado una maji," Baba akasema. "Tunaweza kuihamisha leo. Lakini fumbo ni lako. Shimo hili tuliachie miche mingapi?"

"Miwili," Nelima akasema.

"Inabaki mingapi?"

Nelima akahesabu, akigusa mmoja mmoja. "Kumi."

"Na mashimo matupu ni mangapi?"

"Matano." Akakunja uso. Miche kumi, mashimo matano. Miwili hapa, miwili pale...

Macho yakamtoka. "Baba, inatosha. Kila shimo miwili. Inatosha kabisa!"

Hata Baba alishtuka. Akahesabu tena mwenyewe, na kweli ilitosha.

Baba akaing'oa taratibu, pamoja na udongo wake. Nelima akaipanda, mikono yote matope.

Shimo moja, miche miwili.
Funika, kanyaga, twende.

Safari hii alikanyaga polepole sana.

Jioni, Mama akaleta viazi vitamu. Nelima akala viwili, kisha viwili tena. Akatambua kwamba anahesabu, akashtuka, akaendelea kula.

Usiku mvua ikapiga mabati. Pa, pa, pa. Baba akamfunika blanketi.

"Baba, nipe fumbo lingine."

"Miche ishirini. Kila mmoja ukizaa hindi moja, utachoma mahindi mangapi?"

Nelima akafumba macho, akahesabu mawili mawili. "Mbili, nne, sita, nane, kumi..."

Kisha akanong'ona, "Wewe udongo, sasa unaweza kumwambia Baba lolote. Sina siri tena."

"Kumi na mbili... kumi na nne..."

Alilala kabla hajafika ishirini.