Sauti Ambayo Gitaa Halina

"Basi vifunge hivyo vijivyuma vyako, Thuwaiba. Vifunge vyote, tupige kama gitaa linavyotaka."

"Gitaa linataka, au weye ndo unataka?"

Mansour aliinamia gitaa lake akajifanya anakaza uzi. Ilikuwa baada ya alasiri, ghorofani kwa Ubwa, Malindi, madirisha yote wazi na upepo ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Juu ya mkeka zilikuwa zimelala ala walizokuwa wakizichagua tangu mchana: udi, ngoma ya dumbaki, fidla, akodiani, na sanduku la mbao ambalo Ubwa hulikalia na kulipiga kwa viganja. Bendi yao ilikuwa ya kuchanganya flamenko na taarabu, na Mansour, aliyerudi karibuni kutoka Hispania alikojifunzia flamenko hiyo, ndiye aliyeachiwa kuamua kipi kiingie na kipi kibaki. Akodiani ilishaondoka. Fidla ilikuwa mguu ndani, mguu nje.

Ilibaki kanuni ya Thuwaiba, ile ala pana ya nyuzi anayoilaza mapajani na kuidonoa kwa pete za vidoleni. Pembeni ina vijivyuma vya kupandisha na kushusha sauti kidogo kidogo, ndiyo maana huweza kuitoa ile sauti iliyojificha katikati ya sauti mbili. Gitaa haliwezi. Shingo yake ina vyuma vilivyokingama, na baina ya chuma na chuma hakuna njia.

"Wimbo wetu una sauti ile," Thuwaiba alisema. "Ukiiondoa, si wetu tena."

"Nani ataijua?"

"Miye nitaijua."

Ubwa akakohoa, akashika birika. "Jamani, nani anaongeza chai?"

Hakuna aliyetaka chai. Wimbo wenyewe waliutunga wawili hao, chumba hichohicho, kabla Mansour hajapanda ndege. Siku ile alimwambia, "Nifuate." Basi. Hakutuma mzee hata mmoja kwa mama yake Thuwaiba, kama vile binti wa watu ni begi la kubebwa. Thuwaiba hakwenda. Na tangu Mansour arudi hajalisema tena neno lile, wala jingine. Thuwaiba alikuwa akimpenda vilevile, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake, Bi Mwanamkasi, jikoni akiangalia mkate wa kumimina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wazee wa Haitham wamepita tena. Nimewapa kahawa."

"Tupu?"

"Tupu. Halua ingali kabatini. Lakini mwanangu, siwezi kuwanywesha watu kahawa tupu mwaka mzima."

Kwao ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi. Wazee wa posa hupewa kahawa chungu, wakaongea na kuondoka. Siku wakiona sahani ya halua imetangulia, wanajua wameshapata mchumba, hakuna haja ya maneno mengi. Haitham alikuwa mwalimu huko Tunguu, mtu mpole, hana la kulaumiwa. Ijumaa baada ya sala wazee wake wangerudi kuchukua jibu.

"Unamngoja yule mpiga gitaa," mama alisema.

"Simngoji mtu."

"Unamngoja. Tatizo mwenyewe hajui kama anangojwa."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la bendi:

"Asalamu alaikum. Nimeamua. Gitaa, udi, sanduku, dumbaki na makofi. Kanuni haimo. Thuwaiba, nisamehe."

Aliusoma, akausoma tena. Harufu ya iliki ilijaa jikoni, na yeye akajihisi kama mtu aliyeamka kutoka usingizi wa mchana, hajui ni saa ngapi wala yuko nyumba gani. Machozi yalikuja, akayaachia.

"Mama, Ijumaa toa halua."

Bi Mwanamkasi akaweka kisu chini. "Unasema kwa moyo au kwa hasira?"

"Toa tu, mama."

Siku zilizofuata alitembea kama yumo ndotoni. Sauti ile ya katikati ilikuwa ikimfuata kila mahali. Aliisikia kwenye vikombe vya muuza kahawa vikigongana, akaisikia kwenye bawaba za mlango wa jirani, na mara moja aliisikia kwenye ndoo ikijaa maji, akasimama hapo mpaka ndoo ikafurika. Kanuni yenyewe aliifunika kanga, hakuigusa.

Ijumaa asubuhi Ubwa akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nnafuta sahani za halua."

"Basi sikiliza. Mansour kaharibika akili. Kang'oa vyuma vya gitaa."

"Gitaa lipi?"

"Kwani analo jingine? Lile alilopewa na mwalimu wake kule, lile asilomwachia mtu hata kulishika. Kaingia karakana kwa mjomba wake mchonga milango, kachukua koleo, kaving'oa kimoja kimoja. Mianya kaiziba kwa mbao. Shingo tupu sasa, kama ya udi."

Thuwaiba akakaa kwenye ngazi. "Nani kamwambia habari za Haitham?"

"Miye. Lakini nimemwambia jana. Vyuma kashaving'oa juzi."

Akavaa baibui, akaibeba kanuni na kanga yake, akamwambia mama yake kutoka mlangoni, "Halua isitoke mpaka nikwambie."

Ghorofani, Mansour alikuwa amekaa mkekani na gitaa mapajani. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo. Ubwa alikuwa amekalia sanduku lake, uso ameuelekeza dirishani, mtu wa kuwepo bila kuwepo.

"Kwa nini umefanya hivi?" Thuwaiba aliuliza.

"Nilipotuma ule ujumbe nilikaa kuupiga wimbo peke yangu. Kila nikifika pale pa sauti yako, kidole kinasita. Nikajilazimisha nipite. Nikapita, nikaona nnapiga wimbo wa mtu mwingine."

"Si ungeniita?"

"Nikwite uje ufunge vijivyuma vyako? Nshakutaka mara mbili ujipunguze ndo unifuate. Mara ya kwanza safari, mara ya pili wimbo. Nimeona safari hii nijipunguze miye."

"Na mwalimu wako angesema nini?"

"Angenipiga."

Thuwaiba akacheka bila kutaka. Akaketi, akaifunua kanuni, akavaa pete zake.

"Toa sauti," Mansour alisema. "Nikufuate."

Akadonoa uzi. Kidole cha Mansour kikapapasa kwenye shingo tupu, hakina tena cha kukishika.

"Umepita juu."

"Hapa?"

"Sasa umezama. Panda. Kidogo tu."

"Hapa?"

Sauti mbili zilikuwa zimekutana. Zilisimama pamoja hewani, zikaenda polepole mpaka dirishani, na kwa kitambo kile mji wote ulionekana umelala macho wazi, mapazia yakipumua, hata Ubwa hakutikisika.

"Nakupenda, Thuwaiba."

"Na miye nakupenda. Tangu zamani. Ila umeniambia miye tu, Mansour. Mama yangu je?"

Simu yake ikalia. Alikuwa mama.

"Thuwaiba, kuna wazee barazani."

"Wa Haitham? Mbona sala bado?"

"Si wa Haitham. Ni mjomba wake yule kijana wako, na wenzake wawili. Mmoja kofia imejaa vumbi la mbao. Wanasema wametumwa."

Thuwaiba akaziba simu kwa kiganja. "Umetuma wazee bila kuniuliza?"

"Safari ile nilikuuliza weye bila kutuma wazee," Mansour alisema, hakuinua macho.

Dirishani Ubwa alikuwa anaandika kwenye simu yake, akisoma kwa sauti ndogo, "Kanuni imo. Wote tunaifuata."

"Thuwaiba, unanisikia? Watu wamekaa."

"Naam, mama. Wa Haitham wakija, nitakuwepo niwaombe radhi mwenyewe. Wanastahili."

"Na hawa? Niwapelekee kahawa?"

"Baadaye, mama," Thuwaiba alisema. "Halua itangulie."