Kinasa Sauti cha Tatu

Ningependa kusema haya yalimpata binamu yangu, kama wasemavyo wengine. Yalinipata mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, niliyezunguka nchi kumi na moja nikinasa lugha za watu, nikashindwa kupata mashine ya maana ya kunasa ya kwetu.

Chuo kilinituma nyumbani, milimani juu ya mji wa Hohoe, ninase dua ya kuwaita wazee waliokufa. Aliyebaki akiijua ni shangazi yangu Dzigbodi peke yake, ana miaka themanini na tisa. Muuza vifaa sokoni aliniangalia mfukoni akacheka. "Kaka, kwa hela hii unataka kinasa sauti au filimbi?" Nikachukua vitatu vya bei poa nivijaribu, viwili nirudishe.

Asubuhi shangazi akamimina gongo mlangoni, akawaita wazee kwa majina. Kinasa cha kwanza kilitoa mvumo kama samaki wanakaangwa. Nikamwomba arudie. Cha pili kikatafuna betri mpya, kikazima katikati. Nikatukana. Nikamwomba arudie.

"Wewe profesa wa betri," akasema, "wale si mbuzi wa kuitwaitwa."

"Mara ya mwisho, shangazi. Nakuomba."

Cha tatu, kidogo kama kiberiti, kilikuwa rahisi kuliko vyote. Kinajiwasha mtu akisema, kinajizima pakiwa kimya. Kikanasa vizuri. Shangazi akapumzika kidogo, akawaaga wazee warudi kwao. Kisha akashika tena chupa.

"Nimewaita mara tatu. Nawaaga mara tatu."

"Ya kuaga tumeshaipata, shangazi. Betri zinaisha. Moja inatosha."

Akanitazama. Akaweka chupa chini.

Kesho yake aliamka hana sauti. Anafungua mdomo, hakitoki kitu. Nikafunga nyumba kwa kufuli, nikampeleka zahanati. Tabibu akammulika kooni. "Koo zima kabisa, mzee wangu."

Tulirudi saa nane mchana. Kufuli liko vilevile. Mkoba wangu umefungwa zipu. Nikatoa kinasa cha tatu niisikilize ile dua, nikakuta rekodi mpya. Dakika arobaini na moja. Ilianza tulipotoka.

Kinajiwasha mtu akisema.

Nikabonyeza. Wanaume wengi, wananong'ona lugha yetu ya zamani. Viti vinaburutwa. Kisha sauti ya shangazi, karibu kabisa na kipaza:

"Mwanangu, zimebaki mbili. Waage."

Shangazi alikuwa mbele yangu, anakoroga supu ya bamia. Midomo imefungwa.

Nikamimina gongo mlangoni, nikaipiga kwenye kinasa ile dua yake ya kuaga mara mbili. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Nikasikiliza upya, ndipo nikaelewa. Kila kinapojiwasha, hiki kidude humeza neno la kwanza. Neno la kwanza ni jina la mkubwa wao, na halitajwi ila kwenye kuaga. Analijua yeye tu; mimi alipolitaja nilikuwa nahesabu betri. Kalamu hajawahi kuishika.

Vile viwili nimevirudisha. Hiki nimekitoa betri, nikakiweka juu ya kabati. Tukitoka mchana, tukirudi nikirudisha betri tunakuta rekodi imeongezeka. Sauti yake humo ni safi, haina mvumo hata chembe. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kunasa.

Ila jana alisikika mbali kidogo na kipaza.