Kidole Kilichokataliwa

Kila alasiri, akimaliza kuosha vyombo, binti wa fundi vigae alipita chumba cha mbele na kuigusa kompyuta ya baba yake kwa dole gumba. Taa nyekundu iligeuka kijani. Kisha alirudi kwenye vitabu vyake kama mtu asiyejua lolote.

Baba alinunua kidude cha kusoma alama za vidole ili aepuke kukariri maneno ya siri. Tovuti za kutafutia kazi zilikuwa nyingi, kichwa kimoja. "Profesa," alimwambia binti yake, aliyeitwa hivyo kwa kujifanya anajua kila kitu, "nitengenezee dubwana hili." Lakini saruji ilikuwa imevilamba vidole vya baba vikawa laini kama kioo. Kidude kilivikataa mara sita. Profesa aliona aibu kushindwa. Baba alipotoka kunawa, binti akasajili dole gumba lake mwenyewe na kutunga neno kuu la siri, la kufungulia bila kidole.

"Tayari, Baba. Imekutambua."

Tangu hapo chumba kikaanza kutisha. Baba akiweka kidole, taa nyekundu ilimkodolea macho. Akienda kunywa maji na kurudi, alikuta kompyuta imefunguka yenyewe, feni yake ikipumua taratibu. Mizaha ikamwisha. Alikaa akizitazama ncha za vidole vyake kana kwamba ameziazima.

"Humu ndani kuna mtu anayeitwa mimi," alimnong'oneza mkewe, "na si mimi."

"Labda huyo anakunja nguo zake, si kama wewe," mama alijibu, lakini hakucheka.

Siku moja Profesa aliunguza dole gumba kwa pasi. Siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi, baba alitakiwa kutuma maombi ya kazi ya vigae katika hospitali mpya. Kazi ya mwaka mzima, naye alikuwa na miezi miwili bila kibarua.

Saa tisa na nusu, nyekundu. Akatoka kunywa maji makusudi, akarudi. Nyekundu.

"Nifungulie," aliiambia kompyuta kwa sauti ya chini, kama anayepiga hodi nyumbani kwake na haitikiwi.

Profesa alimsikia kutoka mlangoni. Akasogea, akaliweka dole lake lenye lengelenge. Nyekundu. Mashine haikumjua yeyote tena. Lilibaki neno kuu, na kulisema ni kujiumbua.

"Baba, aliyekuwa anafungua ni mimi. Vidole vyako vilikataliwa tangu mwanzo. Lakini kuna neno kuu la siri."

Baba alimsogezea kibodi. "Andika."

Maombi yalikwenda zikiwa zimebaki dakika nne. Kisha wakajaribu vidole vya baba kimoja kimoja, hadi kidole kidogo cha kushoto, kisichoshika saruji, kilipowasha kijani.

"Kumbe mvivu ndiye anayejulikana," baba alisema. Halafu akamgeukia. "Mwanangu, ungeniambia vimekataliwa, tungekipata hiki siku ileile. Ulificha aibu yako ndogo, mimi nikaishi na hofu kubwa. Ukishindwa, sema. Na neno kuu ni lipi?"

"Babahajui."

Kutoka jikoni, mama alikohoa kuficha kicheko.

"Tulibadilishe," baba alisema. "Sasa anajua."